Moto usioua katika nyumba ya bati

Kisumu si mji wa baridi. Uko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi kutoka usawa wa bahari, na hakuna mgeni asiyelalamikia joto lake la mchana. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kulala katika chumba cha mabati huko Nyalenda, Obunga au Manyatta wakati wa mvua ya masika anajua kwamba usiku una mambo yake. Bati hupata joto upesi, na hulipoteza upesi vile vile. Mvua ikinyesha jioni, kuta huwa baridi, nguo hazikauki, na mama mwenye mtoto mchanga huanza kuwa na wasiwasi. Ndipo jiko la makaa linapoingizwa ndani. Mlango hufungwa kwa sababu ya wezi, dirisha hufungwa kwa sababu ya mbu, na watu wote hulala.

Makala haya yanahusu uamuzi huo wa jioni: ni moto gani unaofaa katika makao madogo ya bati, na ni upi unaoweza kuwaua waliomo.

Ninaposema makao ya bati, sina maana ya nyumba za kupanga peke yake. Yako mabanda ya wavuvi katika visiwa vyenye msongamano kama Remba. Yako makontena yaliyogeuzwa maduka. Yako pia mabodi ya mabasi na matatu kuukuu, ambayo hayawezi tena kwenda barabarani lakini yamepata kazi nyingine: mchana ni kibanda cha chai au cha kinyozi, usiku ni chumba cha mlinzi au cha mwenye biashara mwenyewe. Bodi la basi ndilo litakalokuwa mfano wetu, kwa sababu lilijengwa kuzuia upepo, mvua na vumbi. Ukishayafunga madirisha yake na kuziba matundu ya sakafuni, umebaki na sanduku.

Gesi isiyojitambulisha

Kitu chochote chenye kaboni, kama kuni, makaa, mafuta ya taa, petroli, dizeli au gesi ya kupikia, huhitaji oksijeni ili kiungue. Oksijeni ikitosha, kinachotoka kwa wingi ni hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Isipotosha, hutoka pia gesi nyingine iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho au koo. Mtu anayeivuta hapati dalili yoyote ya kumwambia akimbie.

Kazi ya chembe nyekundu za damu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kwa kutumia protini iitwayo hemoglobini. Kaboni monoksidi hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Ni kama matatu ambayo viti vyake vyote vimekaliwa na watu wasiotaka kushuka: abiria halali wako kituoni, gari lipo, lakini hakuna nafasi. Ubongo na moyo, ambavyo haviwezi kukaa muda mrefu bila oksijeni, ndivyo huathirika kwanza.

Makosa makubwa ambayo watu wengi hufanya ni kupima hatari kwa moshi. Jiko likiwashwa hukaa nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu. Kisha husemwa kwamba sasa ni salama kuliingiza. Ni kweli kwamba moshi umekwisha, lakini kaboni monoksidi haijaisha. Makaa mekundu yanayoungua polepole bila mwako huendelea kuitoa kwa wingi, na hata yale yaliyofunikwa na majivu, yanayodhaniwa kuwa yamelala, huendelea kuitoa.

Hesabu ya bodi la basi

Tuchukue bodi lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.9 ndani. Ujazo wake ni kama mita 33 za ujazo. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksidi. Sasa tuseme mlinzi ameingiza jiko lenye makaa kidogo tu, na gramu 100 zimeungua akiwa amefunga kila kitu. Hiyo ni gramu 20 za sumu, yaani zaidi ya miligramu 600 katika kila mita moja ya ujazo.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu hewa ya ndani ya nyumba, lilisema kwamba mtu asivute zaidi ya miligramu 100 kwa kila mita ya ujazo kwa muda wa dakika 15, wala zaidi ya miligramu 35 kwa muda wa saa moja. Mlinzi wetu amepita kiwango cha dakika 15 mara sita, naye amelala usiku kucha. Hata kama nusu ya gesi imetoroka kupitia nyufa, bado amepita kiwango hicho mara tatu. Katika chumba cha kupanga chenye upana wa mita 3 kwa 3, ambacho ni kidogo kuliko bodi hilo, mambo huwa mabaya zaidi.

Si kila kichwa kinachouma ni malaria

Sumu hii huanza kwa kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuishiwa nguvu. Ikizidi, mtu huchanganyikiwa, miguu hukataa kumbeba, hupoteza fahamu na hatimaye hufa. Tazama dalili za mwanzo: hapa kwetu kandokando ya ziwa, mtu akiamka na kichwa kinachouma na tumbo linalochafuka, jambo la kwanza analofikiria ni malaria. Hupita dukani akanunua dawa, akarudi nyumbani, na usiku ule ule akaliingiza jiko tena.

Kuna maswali manne ambayo msomaji anaweza kujiuliza kabla ya kwenda kununua dawa. Je, watu wote wa nyumba hiyo wameamka na dalili hizo kwa pamoja? Je, hakuna mwenye homa? Je, mtu akitoka nje kwa saa kadhaa hupata nafuu, na akirudi ndani huanza tena? Je, jiko, taa ya mafuta au jenereta vilikuwa vikiwaka ndani au karibu na nyumba? Majibu yakiwa ndiyo, mwambie mhudumu wa afya mapema kwamba mlilala na moto ndani. Kipimo cha malaria bado kifanywe, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na yote mawili. Lakini asipoambiwa habari ya moto, mhudumu anaweza asiifikirie.

Vitabu husema mgonjwa wa sumu hii huwa na ngozi nyekundu. Usiitegemee dalili hiyo. Huonekana mara chache na kwa kuchelewa, na kwa mtu mweusi ni vigumu kuiona. Aidha, kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii: kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni ya kutosha ilhali mgonjwa yuko taabani.

Wanaopaswa kuhofiwa zaidi ni wajawazito, watoto wadogo, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au upungufu wa damu. Mtoto aliye tumboni hukusanya gesi hii kuliko mama yake, nayo humtoka polepole zaidi. Mama anaweza kupata nafuu huku mtoto akiwa bado hatarini.

Tupime moto mmoja mmoja

Makaa. Hayafai kuwashwa ndani ya chumba cha kulala, kwa kupika wala kwa joto. Jiko lenye kauri ndani, lililoenezwa nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa yanayotumika na ni ununuzi mzuri. Lakini kupunguza gharama si kuondoa sumu, na halikutengenezwa ili watu walale nalo. Pika nje, au chini ya paa lisilo na kuta.

Kuni. Hizi hutoa kaboni monoksidi na moshi pia, na moshi huharibu mapafu na macho ya mama na watoto. Majiko ya udongo aina ya Upesi, ambayo hufinyangwa na akina mama wa eneo hili kama wale wa kikundi cha Keyo, hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu. Penye nyumba ya jikoni iliyo peke yake na yenye dohani, hufaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilijaribu dohani za bati katika nyumba za Kajiado na magharibi mwa Kenya, na ilionekana kwamba hupunguza sana moshi na gesi ndani ya nyumba. Katika bodi la basi lenye dari ya plastiki na viti vya sponji, kuni hazina nafasi.

Mafuta ya taa. Stovu, koroboi na karabai hutoa masizi na gesi, na hula oksijeni ya chumba. Mwaka 2014 WHO lilishauri kwamba mafuta ya taa yasitumiwe majumbani. Kuna hatari nyingine mbili. Mafuta yaliyochanganyika na petroli hulipuka, na watoto huyanywa yakiwekwa katika chupa ya soda. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa maana yakipanda na kuingia mapafuni humletea nimonia kali. Mkimbize hospitali. Kwa mwanga, taa ya jua imekwisha kuwa jibu bora zaidi.

Gesi ya mtungi. Kati ya vitu vinavyowashwa, hii ndiyo safi zaidi kwa kupikia. Mwali wake ukiwa wa buluu, inaungua vizuri. Ukiwa wa manjano na sufuria zikipata masizi, zima, kwani kaboni monoksidi inatoka. Ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomea juu yake, ambao wengi huuita meko, ni wa kupikia mlango na dirisha vikiwa wazi. Si wa kupashia chumba joto wala wa kulala ukiwaka.

Hatari yake ya pili ni kuvuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini sakafuni kama maji. Katika bodi la basi, lenye sakafu iliyozungukwa na bati pande zote, huwa haina pa kutokea. Kwa sababu hiyo mtungi ukae nje, umesimama wima mahali penye kivuli, na bomba la mpira liingie kupitia tundu lililotengenezwa vizuri. Acha pia tundu chini kabisa sakafuni ili gesi iliyovuja iteremke nje. Kagua maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima stima: funga mtungi, fungua mlango, toka. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Mlipuko uliotokea Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, uliwaonyesha Wakenya madhara ya ujazaji gesi wa magendo.

Stima. Haitoi gesi yoyote chumbani, na kwa upande huo ndiyo salama kuliko zote. Lakini kipasha joto cha wati 1,000 au 2,000 hakiwezi kubebwa na waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani. Waya hupata moto, nyumba huungua. Na ukuta wa bati ukigusana na waya ulio wazi, chumba chote huwa na stima. Pasiwe na kipasha joto mahali ambapo fundi mwenye leseni hajaweka waya wa kutosha na waya wa ardhini.

Jenereta na injini. Jenereta isiwekwe ndani, mlangoni wala chini ya dirisha, kwa kuwa moshi wa petroli una kaboni monoksidi nyingi. Na kama basi lako bado linanguruma, usilale huku injini ikiwashwa ili kupata joto. Moshi wa ekzosi hupenya kupitia matundu ya sakafuni.

Wenzetu wa ng'ambo

Katika Uingereza na Marekani kuna watu waliogeuza mabasi kuwa nyumba kamili, na baridi yao haina mfano hapa. Wamejifunza jambo moja ambalo linatufaa. Kifaa cha kupasha joto mahali pa kulala lazima kivute hewa yake kutoka nje na kitoe moshi wake nje kwa bomba, moto wenyewe ukiwa umefungiwa mbali na hewa ya chumba. Pamoja na hayo, huweka king'ora cha kaboni monoksidi. King'ora kinachofuata kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 50291 hulia ndani ya dakika 3 gesi inapofikia sehemu 300 kwa milioni, na sehemu ya pili ya kiwango hicho imewekwa kwa ajili ya magari ya kuishi na mashua. Anayeweza kukipata na akununulie, lakini kumbuka kwamba king'ora si ruhusa ya kuingiza jiko.

Pasha mwili joto, si chumba

Kwa hali ya hewa ya Kisumu, habari njema ni kwamba moto wa kulalia hauhitajiki. Mwili wa mtu ni tanuri dogo. Kinachotakiwa ni kulizuia joto lake lisipotee. Inua godoro kutoka sakafuni. Vaa sweta, soksi na kofia. Weka maji ya moto katika chupa isiyovuja, uizungushie kitambaa na kuiweka miguuni kwa mtu mzima. Mbao nyembamba ndani ya ukuta wa bati hupunguza baridi ya usiku na joto la mchana.

Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, amevaa kofia na nepi, kisha wote wafunikwe blanketi. Njia hiyo hutumika hospitalini, na joto lake ni la kuaminika kuliko la jiko lolote. Baba naye anaweza kumpokea mama zamu.

Mbu wazuiwe kwa neti iliyotiwa dawa, si kwa moshi. Kuhusu madirisha, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni kweli kwa nyumba, ila tundu la hewa si ufa. Toboa mawili, moja juu karibu na paa na jingine chini upande wa pili, uyafunike kwa wavu wa waya unaozuia mbu na mikono ya wezi, na usiyazibe kwa magunia masika yakija. Hata hivyo, matundu hayo ni ya hewa ya kila siku. Hayatoshi kuhalalisha jiko la makaa ndani.

Tatizo lililobaki ni la mfukoni. Anayekaanga mgongo wazi Obunga hadi jioni hawezi kuyamwaga makaa yaliyobaki, na akiyaacha nje huenda yakaibwa au kunyeshewa. Na awe na debe la chuma lenye kifuniko kinachobana. Makaa yatiwe humo yakiwa mekundu, yafunikwe, debe liachwe nje. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatawaka tena. Yasiingizwe ndani mpaka yawe baridi kabisa.

Ajali ikitokea

Ukimkuta mtu amelala na haamki katika chumba chenye jiko, vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha, mtoe upesi, kisha ulitoe jiko. Usikae ndani kujaribu kumwamsha. Waokoaji wengi huanguka karibu na waliokuja kuwaokoa. Akiwa hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkanda kifua na aanze mara moja.

Beseni la maji chumbani haliondoi gesi hii, kwa kuwa haiyeyuki kwa urahisi katika maji. Maziwa nayo si dawa yake, na kumnywesha mtu aliyezimia ni kumsonga. Dawa ni oksijeni. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyo katika damu huchukua saa 4 hadi 6 kutoka. Akipewa oksijeni tupu kwa barakoa, muda huo hupungua hadi saa moja au saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo asilazwe chini ya mti kungojwa azinduke. Apelekwe hospitali yenye oksijeni, kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji wengi bado huiita Russia. Walio visiwani waanze safari mapema, maana boti huchukua muda.

Aliyepona naye asisahaulike. Kwa baadhi ya watu, siku kadhaa hata majuma kadhaa baadaye, huja usahaulifu, mabadiliko ya tabia au miguu kukosa uthabiti. Jamaa wakiona hivyo wasidhani ni uchawi au ulevi. Warudi hospitali.

Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2024, familia nyingi za pwani ya ziwa zilihama makwao, na nyingine zikaishia kwenye mahema na vyumba vidogo vya mabati. Kila mtu anapohamia makao madogo, iwe hema, kontena au bodi la basi, huhama na jiko lake. Liko mahali pake: nje. Usiku wa leo, kabla hujafunga mlango, hesabu watu walio ndani, kisha hakikisha hakuna kinachowaka pamoja nao.